Muda, Majirani na Hela: Nani Anapata Kucheza Mtaani Kwetu

Kila ninapoitwa kwenye kikao cha kupanga michezo ya mtaa, mazungumzo huanza na vifaa: mipira mingapi, jezi seti ngapi, nyavu zitatoka wapi. Sipingi, maana umaskini unazuia watu kucheza, na mtoto asiye na njumu anaijua aibu ya kukaa pembeni. Lakini mimi ni mwalimu wa elimu ya viungo, na kwa muda mrefu nimefuatilia nani anaingia kwenye michezo jijini Dar es Salaam na nani anaacha. Ninachokiona ni kwamba kipato humbana mtu kwanza kwenye muda wake, halafu kwenye watu anaoishi nao. Vifaa vinakuja baadaye.

Kuna takwimu za mwaka 2016 za Shirika la Afya Duniani ambazo watu huzisoma vibaya. Katika nchi tajiri, asilimia 36.8 ya watu wazima hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili. Katika nchi maskini walikuwa asilimia 16.2 tu, na Uganda ilikuwa na asilimia 5.5. Mtu anaweza kudhani basi maskini ndio wanamichezo wakubwa. Hesabu ile inajumlisha kazi na safari za miguu. Ndani yake yumo anayesukuma mkokoteni Kariakoo, yumo mama anayebeba ndoo za maji kichwani, yumo anayetembea kwenda kibaruani kwa sababu nauli ikitumika leo, kesho hakuna mboga. Miili hiyo imefanya kazi kweli, tena kupita kiasi, ila hakuna hata mmoja hapo aliyecheza. Kucheza ni kuchagua mwenyewe, pamoja na wenzako, na kuwa na ruhusa ya kuacha ukichoka.

Chukua uwanja mmoja wa mtaa usio na kiingilio. Mwajiriwa wa ofisini akitoka kazini jioni akaenda kucheza, mshahara wake haupungui hata senti. Dereva wa bodaboda akienda saa hiyohiyo, anawaacha abiria wa jioni, ambao ndio wanaokamilisha hesabu ya bosi mwenye pikipiki. Mama lishe ndiyo kabisa: ameamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwasha jiko, mchana wateja, jioni sokoni kununua vya kesho, usiku watoto. Uwanja ni wa bure kwa wote watatu, lakini wawili kati yao wanaulipia. Ndiyo maana sikubali mtu akisema watu wa uswahilini hawana mwamko wa mazoezi.

Hapo hapo utaelewa kwa nini ndondo, yaani mashindano ya soka ya mitaani, inajaza vijana. Mchezaji mzuri wa mchangani huitwa na timu za mitaa mingine na kupewa chochote kwa mechi. Kwake jioni ile ina malipo. Akishaoa, na ile posho ikiwa haitoshi kodi ya chumba, utamkuta amesimama kwenye mstari anatazama, na umri wake bado ni wa kucheza.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, nacho ni klabu za jogingi. Ingia Temeke, Tandika au Mbagala alfajiri ya mwisho wa wiki, utakutana na kundi zima barabarani, fulana za rangi moja, mchakamchaka na nyimbo, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Wengi wao si watu wa kipato kikubwa. Wauza mitumba wapo, mafundi wapo, wake wa nyumbani wapo, na wazee waliostaafu. Nadharia ya kwamba mazoezi ni starehe ya wenye nazo inaanguka pale barabarani.

Kinachowashika ni kwamba klabu ni zaidi ya mbio. Kuna ada ndogo na daftari la mahudhurio. Mwanachama akifiwa, klabu inafika na rambirambi. Akioa au akijifungua, wanachangiana. Baadhi wana mfuko wa kuweka na kukopa. Klabu moja huialika nyingine, wakakimbia pamoja kisha wakanywa supu na kujuana. Kwa hiyo anayekosa mbio wiki tatu anaulizwa, tena anaulizwa kwa wema: "Vipi dada, unaumwa?" Saa anayoitoa pale inamrudishia kitu ambacho mtu mwenye bima na akiba benki anaweza kuishi bila hicho, yaani watu wa kumshika mkono siku mbaya. Mwenye kipato kizuri hulipia jimu ya mwezi, anakwenda peke yake, na akiacha hakuna anayegundua. Nimewaona wengi wa namna hiyo wakiacha.

Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, jambo hili linaonekana kwa ukubwa wake. Watu hutaja hewa nyembamba na ushindi wa mwanariadha Kipchoge Keino kwenye Olimpiki ya mwaka 1968, na ni sawa. Lakini Alhamisi mamia ya wakimbiaji hukusanyika kufanya mazoezi ya kubadilisha kasi, na asiyejulikana anaruhusiwa kujiunga bila kulipa kitu. Kijana maskini anakimbia bega kwa bega na mtu ambaye nyumba yake aliyoijenga kwa mbio inaonekana pale kijijini.

Wasichana ndio wanaoniumiza moyo. Kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mpira wa pete unachezwa kwa nguvu na ustadi mkubwa. Akimaliza kidato cha nne, msichana yule anapotea uwanjani. Mpira wa pete hauhitaji gharama za kutisha, kwa hiyo tusisingizie bei. Jioni ambayo kaka yake anatoka kwenda mchangani, yeye ana vyombo, maji na wadogo zake. Ratiba ya nyumbani imeshaamua. Na asipokuwa na mwenzake wa kutoka naye, mavazi ya michezo yanageuka maneno ya mtaa. Kwenye klabu za jogingi nimeona wanawake wakija wawiliwawili, jirani na jirani, na mara nyingi mmoja akihama mtaa, mwingine naye anakoma.

Gofu nitaigusa tu. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kwa kubeba mikoba ya fimbo za gofu za matajiri viwanjani. Hawakuwa na hela, walikuwa na ukaribu.

Basi siku hizi kwenye vikao ninaomba vitu vingine kabla ya mipira. Ninaomba taa kwenye kiwanja kimoja, ili bodaboda na muuza duka waje saa mbili usiku. Ninaomba saa maalumu ya kina mama, na pembe yenye mkeka kwa watoto wao na mtu wa kuwaangalia. Ninaomba hati za maeneo ya wazi yaliyobaki ziandikwe kabla mtu hajamwaga mchanga na tofali. Na kwa klabu za jogingi, askari wa usalama barabarani wasimame kwenye makutano Jumamosi alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa moja, maana bado wanakimbia wakipishana na malori.