Mazungumzo ya Kuunda Serikali ya Mseto: Nani Ana Nguvu na Nini Hujadiliwa

Mazungumzo ya kuunda serikali ya mseto ni majadiliano ambayo vyama vya siasa huyafanya baada ya uchaguzi usiokipa chama chochote zaidi ya nusu ya viti bungeni, kwa lengo la kupata kundi la vyama litakalotawala kwa pamoja huku likiungwa mkono na wabunge walio wengi. Majadiliano haya yana uzito wa pekee katika nchi ambazo mkuu wa serikali huchaguliwa na bunge au huhitaji kuungwa mkono nalo, kwa sababu huko kura ya mwananchi huamua nani ataketi bungeni, na kazi ya kuamua nani ataongoza serikali hubaki mikononi mwa hao waliochaguliwa.

Kwetu sisi wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, ambao malori yaendayo kusini hupita Uyole na Mbalizi kabla ya kuvuka mpaka wa Tunduma, mfano unaofaa kuangaliwa kwa makini ni wa Afrika Kusini. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Mei 2024, chama cha ANC, kilichokuwa na wingi wa wabunge tangu 1994, kilipata viti 159 kati ya 400. Rais wa nchi hiyo huchaguliwa na Bunge la Taifa, hivyo ANC ilihitaji angalau wabunge 42 kutoka vyama vingine ili kuvuka nusu. Chama cha DA kilikuwa na viti 87, MK kilikuwa na 58, na EFF kilikuwa na 39. Kila chama kilijua hesabu hizo, lakini hesabu pekee haikutosha kueleza nani angemhitaji nani zaidi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapofuatilia habari za namna hii: tunadhani kwamba chama chenye viti vingi ndicho chenye nguvu kubwa mezani, na chenye viti vichache hupewa makombo. Ukweli ni kwamba nguvu ya chama hutokana zaidi na njia nyingine kilizonazo endapo mazungumzo yatavunjika. Tuchukue mfano wa kubuni wa baraza la madiwani hapa Mbeya, kwa kuwa meya huchaguliwa na madiwani wenyewe. Baraza hilo lina wajumbe 40: chama cha kwanza kina 18, cha pili 17 na cha tatu 5. Ili kupata zaidi ya nusu zinahitajika kura 21. Vyama vyovyote viwili vikiungana huzifikia, na hakuna chama hata kimoja kinachozifikia peke yake, kwa hiyo chama chenye madiwani watano kina uwezo uleule wa kuamua matokeo kama chenye 18. Sasa tubadilishe kidogo: cha kwanza kina 18, cha pili 16, na kuna vyama viwili vidogo vyenye watatu kila kimoja. Chama cha kwanza sasa kinaweza kuungana na chochote kati ya hivyo viwili vidogo na kufikia 21, wakati cha pili kinavihitaji vyote viwili kwa pamoja. Chama kidogo kikidai makubwa, chama cha kwanza kitakigeukia kile kidogo kingine. Idadi ya viti vya vyama vikubwa haikubadilika sana, lakini hali ya mazungumzo imegeuka kabisa.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya ANC ilikuwa bora kuliko asilimia 40 ya kura ilivyoonyesha. Kikiungana na DA kingefikisha 246, na kikiungana na MK kingefikisha 217. Kwa EFF peke yake kingebakiwa na upungufu wa viti vitatu. Vyama vingine vyote kwa jumla vilikuwa na viti 241, lakini DA isingeweza kukaa meza moja na MK na EFF, kwa kuwa misimamo yao kuhusu ardhi na uchumi ilikuwa mbali mno. MK nacho kilitaka Cyril Ramaphosa, rais na kiongozi wa ANC, aondoke kwanza, sharti ambalo ANC ilikataa. Kwa hiyo ANC ilikuwa na zaidi ya mlango mmoja, na DA ilikuwa na hofu ya kuona mlango ule mwingine, wa MK au EFF, ukifunguliwa. Tarehe 14 Juni 2024 Ramaphosa alichaguliwa tena kwa kura 283 dhidi ya 44 za Julius Malema wa EFF, na baraza la mawaziri likatangazwa tarehe 30 Juni, DA ikipata mawaziri sita.

Mgawanyo wa wizara ndio unaovuta macho ya waandishi wa habari, nao kwa kweli ni sehemu ya mazungumzo, kama ilivyo kwa sera za kutekelezwa ambazo kila chama huzitoa katika ilani yake na kukubali kuacha baadhi. Lakini kwa maoni yangu kipengele kizito kuliko vyote ni kile kinachoeleza itakuwaje washirika wasipokubaliana, kwa sababu kutokubaliana ni hakika, ni suala la muda tu. Je, mshirika anaweza kupiga kura dhidi ya muswada wa serikali na bado akabaki serikalini? Nani husuluhisha? Bajeti inahitaji ridhaa ya wote au ya wengi? Vyama vya Afrika Kusini viliandika katika tamko lao la pamoja kwamba maamuzi yatafanywa kwa maafikiano, na yasipopatikana, kwa kile walichokiita maafikiano ya kutosha. Maneno hayo yalijaribiwa mapema. Mwezi Februari 2025 hotuba ya bajeti iliahirishwa kwa sababu ya mvutano kuhusu kupandisha kodi ya ongezeko la thamani, na tarehe 2 Aprili Bunge lilipitisha mfumo wa bajeti kwa kura 194 dhidi ya 182, DA ikiwa miongoni mwa waliopinga huku mawaziri wake wakiendelea na kazi. Baadaye mwezi huohuo ongezeko hilo la kodi liliondolewa. Mseto haukuvunjika, lakini kila aliyefuatilia aliona gharama ya kuingia serikalini kabla ya kukubaliana kwa undani namna ya kugombana.

Sehemu ya sababu ilikuwa muda. Katiba ya Afrika Kusini hutaka Bunge likutane ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na siku hiyohiyo rais huchaguliwa. Uholanzi haina kikomo kama hicho: baada ya uchaguzi wa Machi 2021 serikali mpya iliapishwa Januari 2022, siku 299 baadaye. Ubelgiji ilizidi hapo, kwani kutoka uchaguzi wa Juni 2010 hadi serikali ya Elio Di Rupo mwezi Desemba 2011 zilipita siku 541, na kwa muda wote huo serikali iliyotangulia iliendelea kwa mamlaka ya muda. Ujerumani hupenda mikataba mirefu ya maandishi, na mwaka 2018 chama cha SPD kilipeleka mkataba wake kwa wanachama wa kawaida wapige kura kabla ya kuingia serikalini na Kansela Angela Merkel. Asilimia 66 walikubali. Haraka huzaa hati fupi zenye maneno ya jumla, na uvumilivu huzaa hati zenye vipengele vingi, lakini nchi hulipia uvumilivu huo kwa maamuzi makubwa kusubiri.

Mazungumzo yanaweza pia kuishia mahali pasipo mseto. Uingereza mwaka 2017, Waziri Mkuu Theresa May hakupata wingi wa viti, akapatana na chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini, chenye wabunge 10, kimuunge mkono katika bajeti na katika kura za imani bila kupewa uwaziri. Hiyo ni serikali ya wachache, na hutegemea urafiki wa kura moja hadi nyingine.

Jambo hili lisichanganywe na ushirikiano unaoundwa kabla ya kura. Ng'ambo ya mto Songwe, vyama tisa vya Malawi viliungana katika muungano wa Tonse na kumwingiza Lazarus Chakwera madarakani mwaka 2020, na hapa nchini vyama vinne vya upinzani vilivyoungana katika UKAWA viligawana majimbo mwaka 2015. Katika hali hizo mpiga kura huwaona washirika kabla ya kuamua, wakati mseto wa baada ya uchaguzi huundwa akiwa ameshatoka kituoni. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar nayo ni kitu kingine, kwa kuwa ushirikiano wake uliwekwa ndani ya katiba kufuatia kura ya maoni ya Julai 2010.

Na Jamhuri ya Muungano? Rais wetu huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, kwa hiyo serikali haiwezi kukosa kiongozi kwa sababu ya hesabu za bungeni. Hata hivyo, ibara ya 51 ya Katiba inamtaka Rais, ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, amteue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi, au kama hakuna chama cha namna hiyo, mbunge anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi, na uteuzi huo huhitaji kuthibitishwa na Bunge. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 CCM imekuwa na wingi huo kila mara, na sehemu ya pili ya kifungu haijawahi kuhitajika. Siku itakapohitajika, mazungumzo yatakuwa ya kumtafuta mtu anayeweza kukusanya kura hizo, na Rais ndiye atakayeshika kalamu ya uteuzi.