Lugha mbili hazimchanganyi mtoto

Hapa Kisumu mzazi huambiwa: “Acha kumwongelesha Kijaluo, atachelewa kuongea.” Si kweli. Mtoto wa jirani yangu mtaani Kondele, miaka miwili na nusu, husema “Mama, nipe pi,” yaani maji. Watu hucheka wakidhani amechanganyikiwa. Wapi! Amechukua neno lililo karibu, kama sisi wakubwa tufanyavyo kwenye matatu kila siku. Akimgeukia dani yake, yaani nyanya yake, ni Kijaluo kitupu.

Ukihesabu maneno yake ya Kiswahili pekee, utamwona yuko nyuma. Jumlisha ya lugha zote mbili, na kwa kawaida analingana na wenzake.

Aliyetimiza miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote, huyo mpeleke kliniki, apimwe masikio kwanza.