Kimya cha darasani hakimpimi mwalimu mpya

"Maalim, huyu mtoto wako hawezi darasa."

Mwaka huu nimeambiwa hivyo na walimu wakuu, na wasaidizi wao, na mzazi aliyefuata ripoti, na juzi, ndipo nilipochoka, na mlinzi wa skuli. Ushahidi ni ule ule kila mara: darasani mna kelele. Mtu kapita barazani, kasikia sauti za watoto dirishani, kakata hukumu na safari yake ikaendelea. Hakuingia. Hakutazama ubao. Hakufunua hata daftari moja.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kuwalea walimu wapya katika skuli za Pemba, wale waliotoka chuo, wengi wao Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wakapata ajira na kupangiwa kituo. Hao ndio wanaoitwa "watoto" wangu. Nakaa nyuma ya darasa, nasikiliza, naandika, halafu tunatafuta kivuli tukazungumza. Mimi si mkaguzi. Mkaguzi ana fomu zake na kazi yake, na sina ugomvi naye.

Mambo mengine ya mwaka huu nayapita mbio. Azimio la kazi na andalio la somo, yaani mipango yao ya kufundishia, wanayaweza, tena baadhi yao wanayaandika vizuri kuliko sisi wakongwe. Zana za kufundishia si tatizo, maana vifuu, kokoto na vizibo vya soda vimejaa kila mahali. Kusahihisha kunawaelemea, na mimi pia kulinielemea. Basi. Nirudi kwenye kelele.

Darasa la tano, somo la hisabati, kujumlisha sehemu. Mwalimu ni binti ambaye chaki yake ya kwanza ya ajira haijamaliza boksi. Kaandika ubaoni 1/2 + 1/3, kaeleza hatua kwa hatua, tena kaeleza sawasawa, akauliza kama wamefahamu. Darasa zima likaitikia kwa Kiingereza, sauti moja, dari likatetema. Akawapa zoezi. Mimi kule nyuma nikachungulia daftari la aliyekaa mbele yangu: 2/5. La jirani yake: 2/5. Dawati zima, 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na zoezi limekwisha.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililonifurahisha mwaka mzima. Hakufuta ubao akaanza upya. Aliandika 2/5 kubwa katikati, akachora mkate wa mofa pembeni, akawaambia wazungumze wanne wanne: jawabu hili linawezekana au haliwezekani? Kwanza hawakuthubutu. Kisha kona moja ikaanza kubishana, kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Pemba, si Kiingereza cha somo. Mtoto wa kike akasimama juu ya benchi, Mungu amlinde, akapiga kelele kwamba haiwezekani, nusu peke yake ishaizidi hiyo, vipi uongeze kitu juu ya nusu upate kichache kuliko nusu? Wengine wakamkatalia. Mmoja akataka kukata karatasi ili wapime. Darasa likawa soko la samaki saa ya kufika mitumbwi.

Na kichwa kikaonekana dirishani.

Mazungumzo yaliyofuata ofisini sitayaandika yote. Nilichoulizwa ni kwa nini, na mimi nimo ndani, hali imefikia pale. Nikajibu kwamba hali haikufikia, ilifikishwa. Binti yule aliwapa watoto sababu ya kuikataa hesabu mbovu kwa akili zao. Kabla ya kelele ile walikuwa na kimya kizuri kabisa na jawabu lisilokuwa sahihi.

Kinachonikera hasa si kwamba watu hawapendi kelele. Ni kwamba wanaipenda kelele ya aina moja. Yule yule anayechungulia dirishani akisikia watoto wanabishana, hupita akitabasamu akisikia "ndiyooo" ya watoto themanini. Kwa desibeli hiyo ya pili ni kubwa zaidi! Lakini ni kelele iliyopangwa mstari, na mstari tunaupenda.

Nikisema hivi huwa naambiwa kwamba kuitikia kwa pamoja tumekurithi chuoni, yaani chuo cha Kurani, na kwamba mimi nakitukana chuo. Hapana, na hapa naomba nisikilizwe kwa utulivu. Nimekaa chuoni kama kila mtoto wa kisiwa hiki. Maalim anasoma, wanafunzi wanafuatisha, mara hii na mara ile, mpaka herufi itoke mahali pake. Kwa kuhifadhi na kwa matamshi sijui njia iliyo bora kuliko hiyo. Lakini watu husahau nusu ya pili ya kazi ya chuo: baada ya kufuatisha kwa pamoja, kila mtoto anasogea mbele ya maalim na juzuu yake, anasoma peke yake, na asipoiweza haendelei. Chuo kinamjua kila mtoto amefika wapi. Skuli tumechukua ile sauti ya pamoja tukaacha kule kusogea mmoja mmoja, kisha tunasema tunafuata desturi. Laiti tungeifuata yote.

Sasa mwalimu mpya afanye nini, na ana watoto themanini na dakika chache? Hawezi kumsikiliza kila mmoja. Ninachowaambia ni kidogo tu: uliza, kisha nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyepima jambo hili katika masomo ya sayansi na kuchapisha matokeo miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa wastani walisubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza swali kabla ya kumtaja mwanafunzi mwengine, kuuliza tena au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliohesabiwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu! Nimewaona walimu wapya wakishindwa kuzivuka. Macho yanakwenda dirishani, mkono unarudi ubaoni, na jibu anatoa mwenyewe. Ajabu ya mambo ni hiyo: kimya pekee chenye faida darasani ndicho wanachokiogopa, kwa sababu mpita barazani anaweza kudhani mwalimu kasahau somo.

Vimya vyengine sina haja navyo. Kuna kimya cha bakora iliyolazwa juu ya meza. Hicho mwalimu mpya hafundishwi chuo kikuu. Hufundishwa na mwalimu jirani wa darasa la pembeni, wiki ya mwanzo, kwa nia njema kabisa. Kuna kimya cha kukosa maneno. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto aliyekuwa msemaji darasa la nne unamkuta la tano kawa bubu. Hana utovu wa akili wala hana adabu zaidi ya mwaka jana. Lugha imemfungia mlango. Ndiyo maana sikumkataza yule binti kuwaacha wabishane kwa Kiswahili, na nikiulizwa nitasema tena.

Na kuna kimya cha kuchekwa. Kijana mmoja aliyevuka kutoka Unguja, mwalimu hodari, kila mtoto akijibu kwa lahaja ya nyumbani alikuwa akimsahihisha matamshi kwanza, kisha ndiyo jibu. Hakuwa na ubaya. Alidhani anawasaidia. Baada ya mwezi darasa lake lilikuwa la mfano, ukipita nje unasikia kalamu. Alisifiwa kwenye kikao. Nilimwomba ajaribu wiki moja tu kupokea jibu kama lilivyokuja, na wiki ile skuli ikanipigia simu kuuliza nimemfanya nini kijana wao.

Kichekesho cha mwaka lakini kililetwa na karafuu. Skuli moja kulikuwa na mwalimu mpya wa darasa la tatu aliyelalamikiwa tangu siku alipofika. Msimu ukaingia, sehemu kubwa ya watoto wakawa shamba kuchuma na usiku wanachambua, na darasa likabaki na viti vitupu. Likatulia, bila shaka. Mwalimu mkuu akanishika mkono getini: "Maalim, mtoto wako ameanza kuiva." Sikuwa na la kusema. Nilimwitikia nikaingia ndani kutazama mahudhurio.

Sasa upande wangu, maana sitaki ionekane nimekuja na jawabu lote mfukoni.

Kwanza, kuna skuli ambazo ukuta wa kati ya madarasa haufiki juu. Watoto wangu wakibishana juu ya nusu na thuluthi, wa jirani hawasikii imla. Mwalimu mkuu anayelalamika hapo ana haki, na mazungumzo ya wanne wanne hayana dawa ya ukuta mfupi. Tulijaribu kuwatoa chini ya mwembe. Siku ya mvua je?

Pili, sijui ninachokiona kama ndicho kilichopo. Nikiingia mimi na daftari langu, watoto wanakaa wima na mwalimu anakumbuka kila kitu alichofundishwa. Nimejaribu kufika bila taarifa, lakini kisiwa hiki hakuna bila taarifa: ukishuka kwenye gari ya njia Chake Chake, skuli ya Konde, kule kaskazini, ishajua.

Tatu, na hili ndilo linaloniweka macho. Baadhi ya yale madarasa kimya, ya bakora na kuitikia, hufaulisha mtihani wa darasa la sita. Si yote, lakini baadhi, na si kidogo. Naweza kusema mtihani unapima kukariri, na pengine ni kweli, lakini hilo ni jibu rahisi la mtu aliyeshindwa hoja. Mzazi aliyeniuliza kwa nini mtoto wake asipelekwe darasa la kimya lililofaulisha, sikuwa na takwimu ya kumpa. Nilimwambia ninachoamini, kwamba wengi wa wale hukwama wanapofika sekondari. Aliniuliza nimewahesabu? Sijawahesabu.

Kwa hiyo sisemi kelele ni elimu. Kuna madarasa ya walimu wangu ambayo ni vurugu tupu, watoto wanarushiana vizibo na mwalimu anaandika ubaoni akiwapa mgongo, na hao nimewaambia wazi. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kusema "hawezi", mtu aingie, akae mpaka kengele, afunue madaftari matatu: la mbele, la nyuma, na la yule aliyejibanza kwenye kona. Yakiwa na 2/5 yote matatu, niitwe, na nitakuja.

Na kuna jambo ambalo walimu wakuu wanaweza kulifanya bila semina wala posho. Januari wakikaa kugawa madarasa, mwalimu mpya hupewa la kwanza au la pili, ndiyo yenye watoto wengi kupita yote, na mara nyingi mkondo wa mchana, wakati watoto wameshapita chuoni asubuhi, jua limewapiga njiani na tumbo halina kitu. Mkongwe wa miaka ishirini anachukua la sita, watoto wachache, asubuhi, kwa sababu ya mtihani. Halafu tunalinganisha kelele za madarasa hayo mawili na kutoa hukumu ya nani anaweza kazi.

Nimeliomba hili skuli kadhaa: mwalimu mpya aanze na darasa la kati, na kama mikondo ni miwili, mwaka wa kwanza awe wa asubuhi. Moja imekubali. Moja imesema wakongwe watakasirika, na nadhani ni kweli, watakasirika. Nyengine zinasubiri idadi ya wanafunzi watakaoandikishwa, na mimi nazisubiri.