Springi za nyuma za Datsun 1200 pikapu: pima kwanza, ndipo uende dukani

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huyu punda wangu amevunjika kiuno."

Punda mwenyewe ni Datsun 1200 pikapu, na mwenye nayo ni mwalimu mstaafu wa Kisesa. Aliiingiza gereji kwangu Nyakato, Mwanza, ikiwa imeinama upande wa kushoto, tairi la nyuma nusura liguse bodi. Miezi michache nyuma fundi mwingine alimwongezea jani moja nene la springi (majani ni vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine) kutoka gari kubwa, akamhakikishia sasa atabeba mzigo wowote. Jani lile geni lilikuwa zima kabisa. Lililovunjika ni jani mama, lile refu la juu lenye macho mawili ya kufungia.

Nimeona kosa hili mara nyingi mno, na kila mara linaniuma kwa sababu wenye pikapu hizi wanazipenda. Kwa hiyo leo naeleza jinsi ya kuitambua springi yako, halafu jinsi ya kuibadilisha.

Datsun 1200 pikapu ilianza kutoka Japani mwaka 1971. Ni ndugu wa Datsun Sunny, gari dogo la familia, na inatumia injini ileile ya A12 yenye cc 1171. Japani waliendelea kuitengeneza mpaka 1994, na Afrika Kusini iliendelea kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008. Fikiria miaka hiyo yote: kuna B120 ya mwanzo, zikaja B121 na B122, na kuna zenye bodi ndefu ambazo namba yake huanza na herufi G. Ndiyo maana ukimwambia muuza spea "nipe springi za Datsun" hujamwambia kitu. Soma kwanza kibati cha namba ya chesisi, kisha chukua futi na uingie chini ya gari.

Ila usiilaumu springi kabla ya kujua tatizo liko wapi. Gari likiinama upande mmoja, kagua upepo wa matairi, halafu weka jeki mbele, katikati kabisa ya gari, uinue kidogo mpaka uzito wa mbele ukae juu ya jeki. Kama nyuma imenyooka, ugonjwa uko mbele. Kama nyuma bado imeinama, tatizo ni la springi za nyuma au mahali zinapofungwa. Dakika tano tu, na nimeshawahi kuwaokolea watu fedha nyingi kwa njia hii.

Sasa vipimo. Cha kwanza, na ndicho wengi wanakisahau, ni umbali kutoka katikati ya jicho la mbele hadi kwenye senta bolti (bolti ya kati inayoyashika majani pamoja), halafu kutoka senta bolti hadi katikati ya jicho la nyuma. Pima ukifuata mgongo wa jani kwa futi ya kitambaa, kwa sababu jani limepinda. Viandike viwili mbalimbali. Kwenye springi nyingi havilingani, na springi mbili zenye urefu sawa jumla zinaweza kuwa na senta bolti sehemu tofauti. Ukifunga isiyo yako, ekseli itasogea mbele au nyuma na tairi halitakaa katikati ya nafasi yake. Baada ya hapo pima upana wa jani, kipenyo cha tundu la jicho bila bushi (mpira unaokaa ndani ya jicho), na idadi ya majani.

Halafu unene, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ugumu wa jani haupandi sawasawa na unene wake. Unapanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Tuseme majani yako yana mm 6, ukaongezewa moja la mm 8. Sita mara sita mara sita ni 216. Nane mara nane mara nane ni 512. Jani hilo moja, likiwa na upana na urefu uleule, lina ugumu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Halikubali kupinda pamoja na wengine. Gari likiingia shimoni, majani membamba yanapinda, lile nene linagoma, na nguvu yote inakwenda kujikusanya pale linapoishia. Kwa mwalimu, jani mama lilikatika palepale, sentimita mbili tu kutoka ncha ya lile geni. Nilimwita nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama akatazama muda mrefu bila kusema neno.

Na hata kabla ya kukatika, gari lilikuwa limeharibika kwa namna nyingine. Pikapu hii ni nyepesi nyuma ikiwa tupu. Ukiifanya ngumu kupita kiasi, matairi ya nyuma yanaruka kwenye kila tuta, na tairi lililo hewani halishiki breki. Kwenye barabara za vumbi za kuelekea Igombe nisingependa mtu yeyote aendeshe gari la namna hiyo.

Nilipoitenganisha springi ya kulia, ile ambayo haikuvunjika, nilikuta jambo jingine. Binti wa mwalimu hununua kayabo kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na pikapu ndiyo inayobeba. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo magari ya huku hayaliwi na kutu kama ya pwani. Lakini kayabo ni sangara wa chumvi. Chumvi ile inadondoka na unyevu kupitia matundu ya bodi, inatulia juu ya springi, inapenya kati ya majani ambako hata mpira wa kuoshea haufiki. Kutu ilikuwa inabanduka kwa tabaka, kama ganda la kitunguu, na chini yake chuma kilikuwa na vishimo vidogo unavyovisikia kwa kucha. Kishimo kama hicho ndiyo mwanzo wa ufa. Tukakubaliana: springi zote mbili zinatoka. Kwa vyovyote hubadilishi moja, maana mpya itasimama na kuukuu italala, na gari litainama upya.

Kazi yenyewe, anza jana yake. Mwagia nati zote mafuta ya kulegeza kutu, ulale. Asubuhi zuia matairi ya mbele kwa mawe (Mwanza mawe hatukosi), legeza nati za matairi ya nyuma, inua kwa jeki chini ya difu (lile bonge la katikati ya ekseli ya nyuma), kisha weka stendi mbili imara chini ya chesisi, mbele kidogo ya mahali springi inapofungwa. Tofali si stendi. Toa matairi, shusha jeki taratibu mpaka springi ilegee, lakini jeki ibaki inaigusa ekseli. Tazama mpira wa breki usivutwe.

Fungua shokapu kwa chini. Fungua nati nne za yuboti mbili za upande ule (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) na kibati chake. Hapo ekseli inashikiliwa na jeki pamoja na springi ya upande wa pili, ndiyo maana unafanya upande mmoja kwa wakati, kamwe si pande zote mbili kwa pamoja. Toa pini ya jicho la mbele, kisha shekeli ya nyuma, yaani kiungo kinachocheza kinachoshika jicho la nyuma. Pini ya shekeli ikigoma usiigonge kwenye nyuzi. Rudishia nati ifunike ncha, ndipo ugonge.

Springi mpya iweke chini kando ya ile uliyotoa, uhakikishe upande mfupi na mrefu vinaelekea kunakotakiwa. Tandaza uzi kutoka jicho hadi jicho na upime kina chake kwenye senta bolti. Springi mbili mpya zilingane. Paka grisi kidogo kwenye pini, bushi ziwe mpya. Unapopandisha ekseli, kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake. Kama hakijaingia, yuboti zitakaza vizuri tu na utadhani umemaliza, kumbe ekseli imekaa pembeni. Yuboti nazo nunua mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Kaza kwa kukingamanisha, kidogo kidogo.

Bolti za macho na shekeli usizikaze mwisho gari likiwa juu ya stendi. Rudisha matairi, shusha gari, litikise litulie, ndipo ukaze. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi unabaki umesokotwa kila gari linaposimama, na hautadumu. Mwisho pima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto na kulia. Namba ziwe sawa.

Mwalimu aliondoka Alhamisi, nami nikamwomba arudi baada ya wiki ya kutembea tukaze yuboti tena, kwa kuwa majani mapya hujipanga. Alirudi leo asubuhi. Nati mbili zilizunguka karibu robo, nyingine zilikuwa zimetulia. Bintiye ameshatandika turubai zito kwenye bodi kabla ya kupakia kayabo, na nimemwagiza aoshe chini kwa maji mengi kila anapotoka Mwaloni. Majani ya zamani mwalimu hakuniachia. Amempelekea mhunzi wa Kisesa: lililovunjika linakuwa panga, mengine visu, na lile nene la gari kubwa anataka litoke jembe.