Kordi Chache Hazifanyi Wimbo Kuwa Rahisi

Kila ninapoitaja Linda Linda Linda, filamu ya Kijapani ya Nobuhiro Yamashita iliyotoka mwaka 2005, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba ni nzuri lakini haina uzito, kwa sababu nyimbo zinazopigwa humo ni za kordi chache, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja kwenye gitaa, ambazo hata mtoto aliyeshika gitaa jana angezimudu. Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mtu mwenye bendi yake, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha vijana dramu na kupiga kwa pamoja, nimeona afadhali niandike kuliko kuendelea kubishana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Zikiwa zimebaki siku chache kabla ya tamasha la shule ya sekondari, bendi ya wasichana inasambaratika: mpiga gitaa ameumia kidole, mwimbaji amegombana na wenzake akajitoa. Wanaobaki ni Kyoko wa dramu, Nozomi wa besi, na Kei, mpiga kinanda anayelazimika sasa kushika gitaa. Wanaamua kupiga nyimbo za The Blue Hearts, bendi ya Kijapani ya panki, roki ya kasi isiyo na madoido, iliyoanzishwa mwaka 1985, na uimbaji wanampa Son, mwanafunzi kutoka Korea Kusini, anayekubali kabla hajaelewa anaulizwa nini. Son anaigizwa na Bae Doona.

Sasa tuje kwenye huo urahisi. Ni kweli kwamba vidole havina kazi kubwa. Kinachosahaulika ni kwamba wimbo wenye manjonjo mengi humpa mpigaji mahali pa kujificha, ilhali wimbo wa panki haumpi. Besi ikitangulia kidogo tu dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, ukumbi mzima utahisi kuna kitu kinayumba, hata kama hakuna anayeweza kukitaja.

Chukua Linda Linda yenyewe, wimbo wa The Blue Hearts wa mwaka 1987. Unaanza taratibu, sauti na gitaa tu, kisha ghafla dramu inaingia na mwendo unakuwa wa mbio. Katika ule mwanzo mwimbaji ndiye mwenye amri: anaweza kuvuta neno, anaweza kupumua anapotaka. Wakati huo mpiga dramu amekaa kimya na vijiti vyake, na kasi anayotakiwa kuianzisha haimo katika chochote anachokisikia, bali lazima aitoe kichwani mwake mbele ya watu. Mwenye woga ataianzisha juu mno, na baada ya ubeti mmoja mwimbaji atakuwa ameishiwa pumzi na mkono wa mpiga gitaa umekakamaa. Wanafunzi wangu wanaoringia mapigo magumu huangukia papo hapo.

Vitabu vinasema dawa ni metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi moja, nami pia nasema hivyo darasani. Hata hivyo nakiri kwamba nimeona vijana wanaokwenda na metronomu bila kosa ambao wakikutanishwa hawashikani kabisa, na wengine wanaoyumba, ila wanayumba wote pamoja, na wimbo unasimama. Hali hiyo sijui kuifundisha. Ninachoweza ni kuwaacha vijana wakae pamoja muda mrefu na kuomba itokee.

Filamu hii inalijua jambo hilo, na ndiyo maana inaniudhi ikiitwa nyepesi. Hakuna mashindano, wala mwalimu mkali mwenye hotuba. Mazoezi ya kwanza ni vurugu tupu. Baadaye wasichana wanafanya mazoezi shuleni usiku, wanakula, wanasinzia, na kamera inatulia ikiwatazama tu. Son anakwenda peke yake kwenye karaoke, mahali pa kulipia kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, na kubishana na mhudumu anayemtaka anunue kinywaji, ilhali yeye amekuja kuimba. Wengi huona kichekesho, mimi naona mwimbaji anayejua kwamba maneno bado hayajamkaa kinywani. Shiori Sekine, anayeigiza Nozomi, ni mpiga besi wa kweli wa bendi ya Base Ball Bear, na mkono wake unajieleza.

Wapo pia wanaolalamika kwamba urafiki wao haujaonyeshwa vya kutosha, eti kwa kuwa hawaambiani wanapendana. Bendi gani huambiana hivyo? Usiku mmoja Son anapanda jukwaani, ukumbi ukiwa hauna mtu, na kuwatambulisha wenzake mmoja mmoja kwa Kikorea. Kama hilo halitoshi, sijui walitaka nini zaidi.

Siku ya tamasha usingizi unawapitia, wanafika wamechelewa na kulowa mvua, na bila hata kupasha vidole moto wanaanza na wimbo uleule wenye ule mwanzo niliousema. Anayebisha bado atafute wenzake watatu, wapige hadi pale dramu inapoingia, wajirekodi kwa simu, kisha wajisikilize wenyewe. Rekodi hiyo sihitaji kutumiwa.