Kwa nini kompaila ya C hukubali kwamba -1 ni kubwa kuliko 1?

Andika `int a = -1; unsigned b = 1;` kisha uliza kama `a < b`. Jibu ni hapana, na kompaila haijakosea. Kanuni ya C ni kwamba `int` ikikutana na `unsigned`, ile inayokubali hasi hugeuzwa kwanza iwe isiyokubali. Kwa biti 32, -1 inakuwa 4294967295.

Kompaila inaweza kukuonya kuhusu ulinganisho kama huu; onyo lenyewe ni `-Wsign-compare`. Kwenye C++, GCC (kompaila inayotumiwa sana) hulitoa ukiweka chaguo la `-Wall` wakati wa kukompaili. Kwenye C halitoki mpaka uongeze `-Wextra`, ndiyo maana wengi hawalioni.

Kwenye msimbo unaotumiwa na watu wengi onyo hili linaudhi zaidi. Likiwa ndani ya faili la .h, hujirudia kwa kila faili linaloliingiza, na anayetumia `-Werror`, inayogeuza kila onyo kuwa kosa, anajikuta programu yake haijengeki kwa kosa lisilo lake. Tena linaweza kutokea Windows na lisitokee Linux: kwenye Linux ya biti 64, `long` ina biti 64, kwa hiyo `unsigned int` yoyote inaenea humo, kwenye Windows `long` imebaki na biti 32. Kompaili kote kuwili kabla ya kusema umemaliza.

Wengi hukimbilia kubandika `(unsigned)` mbele ya kigeu. Onyo linanyamaza, kosa linabaki palepale. Chukua hili:

`if (read(fd, buf, sizeof buf) < sizeof buf)`

Kusoma kukishindwa, `read` hurudisha -1. Kwa kuwa `sizeof` hutoa `size_t`, aina ya ukubwa isiyokubali hasi, hiyo -1 inageuka namba kubwa ajabu, sharti halitimii, na programu inaendelea kana kwamba data yote imeingia. Hifadhi jibu kwenye `ssize_t n` (aina inayokubali hasi), kagua `n < 0` kwanza, ndipo uandike `(size_t)n < sizeof buf`. Kukagua kutangulie kugeuza, daima.

Kitanzi cha kurudi nyuma nacho ni mtego: `for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)` hakikomi, kwa sababu 0 ikipunguzwa moja inarukia namba kubwa kuliko zote. Andika `for (size_t i = n; i-- > 0; )`; hata `n` ikiwa 0 haileti shida.

Mara nyingi pa kurekebisha ni pale kigeu kinapotangazwa: idadi na ukubwa viwe `size_t`, kinachoweza kuwa hasi kibaki `int`. Ila fanksheni ambayo wengine wanaiita tayari usiibadilishe aina kimyakimya, maana `int` ya biti 32 ikiwa `size_t` ya biti 64, programu zilizokwisha kujengwa zitapishana nayo. Ongeza fanksheni mpya kando, ya zamani iache. Wa C++20 wana njia fupi: `std::cmp_less(-1, 1u)`, iliyomo kwenye `<utility>`, hujibu ndiyo.