Kichwa cha treni kisichokunywa maji: vichwa vya GM na nyika ya Nullarbor

Mwenye kisima cha maji ya chumvi anaijua nusu ya habari hii. Chemsha chai kwenye birika moja kwa miezi michache, kisha chungulia ndani. Chini na pembeni kumeganda ukoko mweupe, mgumu, ambao hata ukiukwangua kwa kijiko hautoki wote. Birika linachelewa kuchemka, mkaa unakwisha kabla ya wakati, na siku moja kitako kinatoboka. Sasa fikiria birika lenye urefu wa basi, linalokaangwa na makaa ya mawe mchana kutwa, huku mvuke uliobanwa ndani ukisukuma kuta zake pande zote. Hilo ndilo boila la kichwa cha treni cha zamani. Likiota ukoko, hasara yake ni kubwa kuliko chai kuchelewa.

Ninafundisha mambo ya reli, na katika mihadhara yetu ya elimu kwa umma swali moja hujirudia: kwa nini dizeli iliushinda mvuke? Watu hutarajia niseme kasi, au nguvu. Mimi huanza na maji, na mfano wangu ni kundi la vichwa vya treni vilivyoundwa Australia kuanzia 1951, vilivyopewa herufi GM. Hakuna mahali ambapo hoja ya maji ilionekana wazi kuliko huko.

Reli ambako vilifanya kazi, ile inayokatiza nyika ya Nullarbor kusini mwa Australia, ilizaliwa kwa siasa. Makoloni sita ya Australia yalipoungana kuwa nchi moja mwaka 1901, Australia Magharibi ilikuwa mbali na wenzake kama kisiwa; usafiri wa kufika huko ulikuwa meli. Ikaahidiwa reli ya kuiunganisha na upande wa mashariki. Ujenzi ulianza 1912 kutoka Port Augusta upande wa mashariki, kisha kundi jingine likaanzia Kalgoorlie upande wa magharibi, na tarehe 17 Oktoba 1917 yakakutana Ooldea. Jumla ni kilomita 1,693. Ndani yake kuna kipande cha kilomita 478 kisicho na kona hata moja, kirefu kuliko vyote duniani vya aina yake.

Kipande hicho kinapita Nullarbor, jina lililotoholewa kutoka Kilatini kwa maana ya "bila mti". Ni uwanda wa mawe ya chokaa, na chokaa hunywa mvua kama sifongo. Maji huzama kwenye nyufa na mapango, juu hakubaki kijito. Kuanzia mwanzo hadi mwisho wa reli ile hakuna mto wa maji baridi unaotiririka mwaka mzima. Waliochimba visima walipata maji, ndiyo, lakini mengi yalikuwa ya chumvi. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano mdogo wa jambo hili: waliojenga reli kutoka Mombasa walipoingia nyika ya Taru walilazimika kupelekewa maji kwa treni. Lakini Taru unaivuka ukaiacha nyuma. Nullarbor ni mamia ya kilomita.

Ooldea yenyewe palikuwa na chemchemi mchangani. Waaborijini waliitumia kwa maelfu ya miaka; palikuwa njia panda ya safari, biashara na sherehe zao kwa sababu maji yake hayakukauka hata wakati wa kiangazi kikali. Reli ikafika, ikachimba visima, ikavuta maji kwa pampu siku baada ya siku. Kufikia 1926 mambo yalikuwa yameharibika: uchimbaji ulikuwa umetoboa tabaka la udongo wa mfinyanzi lililoyashikilia yale maji matamu, chumvi ikapenya, na shirika la reli likaacha kuyatumia. Wenye chemchemi hawakuulizwa. Hesabu za gharama za mvuke zinapoandikwa, hii huwa haimo.

Kwa hiyo treni zikabeba maji yake zenyewe. Enzi za mvuke, karibu nusu ya mzigo wote uliovutwa kwenye reli ile ulikuwa maji. Hebu tulia kidogo na sentensi hiyo. Unachoma makaa ili kuvuta maji, ili upate mvuke wa kuvuta maji. Ni sawa na mtu anayebeba gunia la unga begani, na nusu ya gunia ni chakula cha kumtia nguvu ya kulibeba.

Na si vichwa tu vilivyokuwa na kiu. Kandokando ya reli kulikuwa na vituo vidogo vya wafanyakazi wa njia, wapiga pampu, mafundi na familia zao. Vingi vilipewa majina ya mawaziri wakuu: Barton, Deakin, Watson, Reid, Fisher, Cook, Hughes. Hawakuwa na duka wala soko. Walihudumiwa na treni iliyoitwa "Chai na Sukari", iliyopita ikiuza vyakula na kuleta maji, ikiwa na behewa la bucha ambamo nyama ilikatwa na kupimwa papo hapo, na kila Desemba ikileta Baba Krismasi kwa watoto wa nyika. Ilianza na reli yenyewe 1917 na kukoma 1996.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, vichwa vya mvuke vilikuwa vimechoka kwa kazi ya kusafirisha askari na zana. Hapo ndipo kampuni ya Clyde Engineering ya Granville, Sydney, ilipopata leseni ya kuunda vichwa kwa michoro ya General Motors ya Marekani. Shirika la reli la serikali ya shirikisho likaagiza 11. Herufi GM ndizo za General Motors, na cha kwanza, GM1, kilianza kazi Septemba 1951 kikiwa na jina la waziri mkuu aliyekuwa madarakani, Robert Gordon Menzies. Desturi ya kuvipa vituo vya nyika majina ya mawaziri wakuu sasa ilikuwa imehamia kwenye chuma.

Nisahihishe kosa moja linalorudiwa sana. GM1 hakikuwa kichwa cha kwanza cha dizeli na umeme kwenye njia kuu za Australia. Kisiwa cha Tasmania kilitangulia mwaka 1950 na vichwa vyake vya X kutoka Uingereza, vidogo, vya nguvu za farasi 600. Cha GM kilikuwa na 1,500. Kilichokuwa kipya ni ukubwa wa kazi kiliyopewa: kuvuta treni nzito za abiria na mizigo kukatiza nusu ya bara.

Sasa tuingie ndani, maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kama injini ni ya dizeli, umeme wa nini?

Injini ya dizeli haiwezi kuanza kazi ikiwa imesimama. Gari lako lina klachi kwa sababu hiyo: injini kwanza izunguke, ndipo uiunganishe na magurudumu taratibu. Jaribu kufanya hivyo na treni ya tani 1,000, klachi itawaka moto kabla behewa la pili halijasogea. Wahandisi wakaamua kuachana kabisa na muunganiko wa chuma kwa chuma. Injini inazungusha jenereta tu. Jenereta inatoa umeme. Umeme unapita kwenye nyaya hadi kwenye mota zilizoning'inizwa chini, kila moja ikiwa imeshikana kwa meno na ekseli yake, yaani mhimili wa chuma unaounganisha magurudumu mawili. Mota ya umeme ina sifa ambayo dizeli haina: nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa kabisa pale inapokuwa imesimama. Ndiyo maana treni hung'oka polepole bila kushtuka, kama mtu mzima anayeinuka kwenye kiti.

Injini ya GM1 iliitwa 567, na hilo si jina la bahati nasibu. Ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, yaani lita 9.3 hivi. Silinda zilikuwa 16, zimepangwa safu mbili kwa umbo la V. Jumlisha, unapata karibu lita 149. Gari dogo la kutembelea lina lita moja na nusu. Tena pistoni za 567 hufanya kazi kila zinaposhuka. Hazina ule mzunguko wa kupumzika ulio kwenye injini ya gari la kawaida.

Namna ya kuiwasha ndiyo ninayoipenda zaidi. Hakuna stata ndogo pembeni. Betri hupeleka umeme kwenye jenereta ileile kubwa, ambayo kwa muda huo hugeuka kuwa mota na kuizungusha injini mpaka ishike moto. Ikishashika, mambo yanageuka: aliyekuwa akisukumwa ndiye sasa anasukuma. Dereva mbele yake ana mpini wenye hatua 8 za mafuta, na karibu yake saa ya kupimia umeme unaoingia kwenye mota. Dereva mzoefu wa mlima huitazama saa hiyo kuliko anavyotazama mwendo. Treni nzito ikipanda polepole, mota hula umeme mwingi, na zikila kupita kiasi kwa dakika nyingi mno zinaungua. Mvuke ulikuwa na ukoko, dizeli nayo ina nyaya zinazoungua. Na kwa haki, jina nililolipa makala haya limetiwa chumvi kidogo: dizeli nayo ina maji kwenye rejeta ya kuipoza. Tofauti ni kwamba maji hayo huzunguka na kurudi, hayapulizwi angani kila gurudumu linapogeuka.

Tatizo jingine lilikuwa uzito. Michoro ya Marekani ilikuwa ya kichwa chenye ekseli 4, na reli ya Nullarbor ilikuwa nyepesi kuliko za Marekani. Isingestahimili ekseli nzito namna ile. Clyde wakakiweka kichwa cha tani 100 na ushei juu ya ekseli 6, tatu mbele na tatu nyuma. Lakini katika kila tatu, ya katikati haikuwa na mota. Ilikuwa abiria. Kazi yake ilikuwa kusaidia kubeba uzito, basi. Ni suluhisho zuri kwa treni ya abiria inayokwenda kasi. Kwa mizigo mizito lina dosari: uzito unaokaa kwenye ekseli isiyovuta haukusaidii kushika reli, na magurudumu yanayovuta huteleza.

Clyde walilijua hilo. Kuanzia GM12, kilichotoka 1955, ekseli zote 6 zikapewa mota, na injini ikaongezwa nguvu hadi farasi 1,750. Viliendelea kuundwa hadi 1967, kikaja GM47, cha mwisho. Vilivuta abiria wa Nullarbor, na vilivuta pia makaa ya mawe ya Leigh Creek kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Port Augusta. Vichwa viwili au vitatu viliunganishwa kwa waya, vikaendeshwa na dereva mmoja aliyekaa kwenye kile cha mbele. Kwa mvuke hilo haliwezekani: kila kichwa kinahitaji dereva wake na mchochea moto wake.

Sura yake nayo ilikuwa ya kukumbukwa. Pua nene, ya mviringo, imesukumwa mbele kama ya mbwa aina ya buldogi, na wapenzi wa reli huiita hivyohivyo. Marekani waliiacha mapema, lakini Australia walibaki nayo: vichwa vya CL, vilivyoundwa na Clyde haohao kwa reli hiyohiyo kati ya 1970 na 1972, ndivyo vya mwisho duniani kutoka kiwandani na pua hiyo.

Februari 1970 treni ya Indian Pacific ilivuka kwa mara ya kwanza kutoka Sydney hadi Perth bila abiria kubadilisha treni. Kabla ya hapo majimbo yalikuwa na reli za upana tofauti, na Port Pirie kulikuwa na reli za aina tatu katika mji mmoja. Vichwa vya GM vilishiriki kuivuta kwenye sehemu yao ya njia.

Mwaka 1997 serikali iliuza shirika lake la reli kwa kampuni binafsi. Kufikia hapo vingi vya GM vilikuwa vimestaafu. GM2 kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya reli huko Port Adelaide, na vichache vingine vilinunuliwa na kampuni ndogo, vikarudi kuvuta mizigo vikiwa na umri wa kuitwa babu.

Waliolipa gharama ya ushindi huu ni watu wa vituo. Kichwa kisichosimama kunywa hakihitaji mpiga pampu, wala mkwanguaji wa boila, wala bohari la makaa. Cook, iliyowahi kuwa na watu wapatao 200, shule na hospitali yake, ilifungwa 1997. Nyumba zipo, wenyewe hawapo. Wamebaki wachache wa kuhudumia njia. Treni bado husimama hapo katikati ya nyika. Madereva hubadilishana zamu, mpira unaunganishwa kwenye tangi, na kinachojazwa ni dizeli.